Je, wajua kwa nini sabuni ilipotea Mwanza wakati vita ilikuwa Uganda?

Nimekulia Kirumba nikimsikia bibi akisimulia walivyofua kwa majani ya mpapai baada ya vita ya Kagera. Unayafikicha kwenye beseni mpaka maji yawe ya kijani na kapovu kidogo, halafu shati jeupe la babu likiingia humo halitoki jeupe tena. Miaka yote niliamini sababu ni moja tu, kwamba sabuni na sukari zilipelekwa kwa wanajeshi, na ukiwauliza wengi hapa mjini watakujibu hivyo hivyo.

Sio kweli, na tarehe zenyewe zinakataa. Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sasa kama sabuni ilikuwa inaishia jeshini basi foleni za duka la RTC, kampuni ya biashara ya serikali ya mkoa, zingepungua vita ilipoisha, lakini zilizidi, 1981, 1982, 1983 hali ikawa mbaya kuliko kipindi mizinga inalia. Mwalimu Nyerere aliomba watu wafunge mkanda miezi 18, miezi ikaisha mkanda bado umekaza.

Vita ilikula dola. Shilingi serikali inaweza kuchapa, ila petroli, risasi, matairi na spea vinatoka nje, na gharama inayotajwa sana ni kama dola milioni 500, kwa nchi iliyokuwa inategemea kahawa, pamba na mkonge. Hata upande wa pili walijua mafuta ndio roho ya vita. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa inamsaidia Amin, ilikuja kupiga matenki ya mafuta hapa Mwanza, ikakosea, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ndio, Saanane hii hii tunayoenda na watoto Jumapili.

Fikiria mvuvi wa Igombe mwenye mtumbwi wa injini. Nyumbani ana mahindi, ana viazi, mbuzi wawili, njaa hana. Ila petroli anainunua kwa hela ya samaki tu, hana chanzo kingine. Siku moja nyumba inaungua, hela yote ya petroli na ya nyavu inaenda kwenye mabati. Moto umezimwa siku ile ile, lakini kesho yake mtumbwi uko mchangani, na kwa kuwa uko mchangani hakuna samaki, na bila samaki hela ya petroli haipo. Wiki mbili baadae mtu anapita anashangaa, moto si ulishaisha, mbona huyu haendi ziwani?

Nchi ilikwama hivyo hivyo. Kiwanda cha nguo kama Mwatex pamba kinayo mlangoni, lakini rangi na spea za mashine ni za dola, zikikosekana mashine zinasimama moja moja. Malori ya kusomba pamba hayana matairi, na mengine yalishachukuliwa kubeba askari. Sasa njoo kwa babu yangu kule Magu, na hapa ndipo nilipoelewa kila kitu: anauza pamba analipwa noti, anaenda dukani hakuna kanga, hakuna sabuni, hakuna jembe. Alisema noti alizifungia kwenye mkebe wa majani ya chai mpaka mkebe ukajaa, msimu uliofuata akapunguza shamba la pamba akaongeza mihogo, kwa sababu mihogo inalika. Babu mmoja si kitu, ila wakulima wa Usukuma nzima wakifikiri kama yeye pamba inashuka, na pamba ikishuka dola zinapungua zaidi, viwanda navyo vinazidi kulala.

Vita peke yake isibebeshwe lawama zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei ya kahawa ikashuka kutoka kilele cha mwaka huo huo, mafuta yakapanda dunia nzima 1979, na sera za ndani nazo ziliwabana wakulima. Kutenganisha kila kimoja kilichangia kiasi gani ni kazi ngumu kwelikweli, kwangu mimi vita ndio ilimaliza akiba ambayo ingesaidia kuvumilia hayo mengine.

1984 serikali iliruhusu mwenye dola zake alete bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi, maduka yakaanza kuwa na vitu. Babu alifungua mkebe akamnunulia bibi doti ya kanga na mche wa sabuni. Noti za kujaza mkebe mzima zilitosha hivyo viwili tu.