Ndugu wa Farasi-bahari Asiye na Mfuko

Wanafunzi hapa Nairobi huniuliza kwa nini nashughulika na samaki ambaye hata sokoni Gikomba humpati. Jina lake la kitaalamu ni Syngnathoides biaculeatus, wa ukoo wa farasi-bahari. Anaishi kwenye nyasi za bahari, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Samoa. Hata akikomaa hafiki sentimita 30, na wembamba wake ni wa penseli.

Mtazame kwa lenzi. Magamba hana, mwili umezungukwa na pete za mifupa toka kichwani hadi mkiani, nasi huzihesabu kwa ncha ya sindano ili kutofautisha spishi. Taya zimeungana zikawa mrija usio na meno. Kijidudu cha jamii ya kamba kikisogea karibu, hukifyonza kufumba na kufumbua. Rangi ya kijani hupotea akihifadhiwa kwenye spiriti, lakini aliye hai hujishikiza kwa mkia kati ya majani, na ni rahisi kumpita usimwone.

Dume ndiye hubeba mimba. Farasi-bahari dume ana mfuko uliofungika. Huyu hana: jike humbandika mayai chini ya tumbo, yakashika kwenye ngozi, na hapo hukaa wazi mpaka yaanguliwe. Ukoo mmoja, malezi ya baba, namna tofauti kabisa za kuyatunza! Sijachoka kulistaajabia jambo hili.

Mkia huo wa kushikia hauna pezi. Huogelea kwa kupepesa pezi la mgongoni, tena polepole, kwa hiyo makazi yakiharibiwa hana pa kukimbilia. Kenya tuna aina 12 za nyasi za bahari, na juya la kukokota, yaani wavu unaoburutwa chini ya maji, huzing'oa pamoja na kila kilichojificha humo. Juya hilo lilipigwa marufuku mwaka 2001. Biashara ya kimataifa ya farasi-bahari nayo inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 2004, lakini huyu hayumo, ingawa hukaushwa na kuuzwa kwa ajili ya dawa za jadi za Kichina. Natamani aingizwe. Hata hivyo, mkataba haumsaidii kitu kama nyasi zimekwisha.

Kwa hiyo ukiteremka Diani au Gazi, mwombe nahodha atie nanga penye mchanga mtupu. Maji yakikupwa, usikanyage nyasi. Ukimwona, mtazame hapo hapo majini, usimnyanyue ili kumpiga picha.