Hempu, Bangi na Katani: Maana za Majina na Aina za Mmea

Ukiomba kamba ya katani katika duka la vifaa mjini Unguja, utapewa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mkonge, na muuzaji hatakuwa amekosea, kwa sababu kwa Waswahili katani ndizo nyuzi za mkonge. Tatizo huanza pale neno hilo hilo linapotumiwa kufasiri hempu (hemp kwa Kiingereza), ambayo ni mmea mwingine kabisa. Asili ya neno ni Kiarabu, ambako kattan ni kitani, mmea wa tatu usiohusiana na hiyo miwili. Mkonge wenyewe ni mgeni katika Afrika Mashariki: uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf.

Mkanganyiko huu si wetu peke yetu. Katika lugha za Ulaya, jina la hempu limebandikwa karibu kila mmea unaotoa nyuzi ndefu. Hempu ya Manila ni ndugu wa mgomba anayelimwa Ufilipino. Hempu ya Deccan ni kenafu, ambayo ni jamii moja na choya na bamia. Na ile iitwayo hempu ya sunn ni jamii ya kunde, ndugu wa karibu wa marejea ambayo wakulima wa Tanzania Bara huipanda kurutubisha ardhi. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo wenye udugu na hempu.

Hempu halisi ni Cannabis sativa, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na ni vyema kusema bila ya kuzunguka kwamba hiyo ndiyo spishi ya bangi. Kinachozitenganisha ni kiasi cha THC, kemikali inayolevya, ambayo katika hempu ni kidogo sana na katika bangi ya kuvuta huweza kuzidi asilimia 10 ya uzito wa maua makavu. Mpaka unaotajwa zaidi ni asilimia 0.3. Wataalamu wa mimea Ernest Small na Arthur Cronquist waliutumia mwaka 1976 ili wapate pa kukata katika kupanga makundi. Baadaye ukaingia katika sheria, zikiwamo za Marekani za mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya uliupandisha wake kutoka asilimia 0.2 hadi 0.3 kuanzia mwaka 2023. Kwa hiyo mpaka huo ni wa makubaliano, si ukuta uliojengwa na maumbile.

Ndani ya hempu yenyewe aina ni nyingi, na kinachozigawa kwanza ni kitu anachokitaka mkulima: shina, mbegu au maua.

Aina za nyuzi, kama Carmagnola ya Italia, Kompolti ya Hungaria na Futura 75 ya Ufaransa, hukua haraka na huweza kupita mita 3. Hupandwa kwa msongamano mkubwa, aghalabu kilo 40 hadi 70 za mbegu kwa hekta, ili mimea igombee mwanga, inyooke na isitoe matawi, kwani tawi hukatisha uzi. Huvunwa mapema, maua ya kiume yanapochanua, kabla shina halijawa gumu kama kuni. Baada ya hapo huja kazi ambayo mwanamke wa Bwejuu au Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, angeielewa bila ya kufundishwa. Sisi hufukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa, vijidudu vikala kile kinachogandisha nyuzi, kisha yakafukuliwa na kupigwa mpaka yakatoa usumba wa kusokota kamba. Hempu nayo huozeshwa, ama kwa kulazwa shambani ipigwe na umande kwa wiki kadhaa, ama kwa kuzamishwa majini kwa siku chache, ndipo ikavunjwa na kuchanwa. Tofauti ni kwamba nyuzi za usumba zimo katika ganda la tunda na ni fupi, ilhali za hempu zimo katika gome na huweza kwenda na urefu wa shina. Ndiyo maana majahazi ya Ulaya yalifungwa kamba na kutandazwa matanga ya hempu kwa karne nyingi, na sisi tukashonea mitepe, vyombo vyetu vya zamani vya baharini, kwa kamba ya mnazi.

Kiini cha ndani ya shina, ambacho ni sehemu kubwa zaidi ya uzito wake, hakitupwi. Hutandikiwa farasi mazizini, na tangu miaka ya 1980 huko Ufaransa huchanganywa na chokaa kupata zege jepesi la kujazia kuta. Zege hilo halibebi uzito wa jengo, hivyo lazima liwe na nguzo za mbao. Mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe hatashangaa kusikia kwamba ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu badala ya kuufungia ndani.

Aina za mbegu ni fupi zaidi. Finola, iliyozalishwa Finland, mara nyingi huishia karibu na mita moja na nusu, jambo linalorahisisha kuvuna kwa mashine. Mbegu huwa na takriban asilimia 30 ya mafuta na asilimia 25 ya protini. Huliwa, hukamuliwa, na makapi yake hulishwa mifugo. Aina za maua, zinazolimwa kwa ajili ya kemikali ya CBD isiyolevya, hupandwa mbali mbali kama miche ya bustani, na hapo suala la jinsia huwa kubwa. Kama ilivyo kwa mpapai, hempu ina mmea dume na mmea jike, ingawa ipo mimea yenye jinsia zote mbili, na aina nyingi za Ufaransa zimezalishwa ziwe hivyo ili shamba zima likomae pamoja. Mkulima wa CBD hung'oa madume yote, kwa sababu jike likishika mbegu maua yake hupungua thamani, na chavua husafiri kilomita nyingi kwa upepo. Mafuta ya mbegu na mafuta ya CBD, basi, si kitu kimoja, ijapokuwa wauzaji hupenda kuyachanganya.

Aina hizi za Ulaya haziwezi kuhamishwa hivi hivi hadi visiwani. Hempu huanza kutoa maua siku inapokuwa fupi, kwa aina nyingi chini ya takriban saa 14 za mwanga. Sehemu kubwa ya Ulaya hupata kiangazi chenye saa 15 au zaidi za mwanga, mmea ukarefuka kwanza. Unguja na Pemba, tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na mchana haupiti sana saa 12, hivyo Futura ingechanua ingali kijiti. Aina zilizozalishwa Yunnan, kusini mwa China, ni miongoni mwa zinazochaguliwa kwa nchi zilizo karibu na ikweta.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya hauzuii kilimo cha hempu kwa ajili ya nyuzi na mbegu pekee, na Malawi ilipitisha sheria ya kukiruhusu mwaka 2020. Zanzibar, kama Tanzania Bara, kulima bangi ni kosa la jinai, na kwa macho ya askari anayesimama shambani, Finola na bangi zina jani lile lile na harufu inayokaribiana; mpaka wa asilimia 0.3 huonekana maabara tu.