Je, wajua kwa nini kupunguza mwendo "kidogo" hakuisaidii mikoko ya Lamu?

Ukipanda boti Lamu mjini kwenda Pate, utapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kushoto na kulia. Hapo umo ndani ya msitu wa serikali. Mikoko ya Kenya ilitangazwa hifadhi ya misitu mwaka 1932, na zaidi ya nusu yake iko Lamu.

Nahodha mstaarabu akifika hapo hupunguza mwendo kidogo. Tatizo liko kwenye hicho kidogo.

Boti ndogo ya injini ikienda taratibu kabisa hulala sawa na kuyapasua maji bila kishindo. Ikienda mbio hupanda juu ya maji ikateleza. Katikati ya hayo mawili, omo, yaani mbele ya chombo, huinuka, tezi, yaani nyuma yake, huzama, na chombo husukuma mlima wa maji. Wimbi linaloachwa hapo huwa kubwa kuliko yote. Nishati ya wimbi nayo hukua upesi kuliko kimo chake: kimo kikiwa maradufu, nishati huwa mara 4. Kwa hiyo aliyetoka mbio akapunguza hadi nusu huenda ameongeza madhara badala ya kuyapunguza.

Ukingo wenyewe ni tope. Wimbi huila chini ya mililana, miti inayosimama mbele kabisa majini, mpaka ikalala. Tope lililovurugwa likitua kwa wingi hufunika mizizi ya mchu, aina nyingine ya mkoko, inayochomoza juu kuvuta hewa. Mbegu ya baadhi ya mikoko huota ingali mtini, kisha hudondoka kama mkuki. Isipopata utulivu wa kushika mizizi, huchukuliwa na maji.

Saa nayo ina neno. Maji yakijaa, wimbi huingia mitini na kuvunjwa na mizizi. Yakiwa nusu, hupiga ukuta wa tope ulio wazi, na ndege wa kuhama walioshuka kula huruka ovyo, wakitumia mafuta ya mwilini wanayoyahitaji kwa safari ya kurudi kaskazini mwezi wa Aprili.

Kuufunga mkondo ni wazo la mtu asiyeishi visiwani. Hii ndiyo barabara ya kisiwa cha Pate na mji wake wa Faza. Mgonjwa hapitishwi kwa mwendo wa kobe. Lakini anayetembea kwa starehe ana nafasi ya kuchagua: apande mashua ya tanga, au atoke maji yanapojaa. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wenyeji kushiriki usimamizi kupitia jumuiya zao, na kwa maoni yangu kanuni za mwendo zingeanzia huko, kwa manahodha wenyewe.

Ukiwa abiria, tazama nyuma. Ukiona wimbi lenu linapasuka jeupe kwenye mizizi, mwombe nahodha ashushe zaidi, mpaka omo ilale.