Mdoli Hajapandisha Pepo, Amesogezwa kwa Mkono

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mwimbaji wa kwaya kaja studio hapa Mwanga, Kigoma, kuangalia video yao imefikia wapi, akanikuta nimefungua video ya "Sober", wimbo wa Tool, bendi ya roki ya Marekani; ndani yake kuna mdoli anayetembea. Akaishia mlangoni. "Kaka, hao frimasoni. Kaone kanavyotetemeka, kamepandisha hako!"

Nikamwambia akae. Nimechoka kusikia kazi ya mikono ya watu inaitwa pepo.

Wimbo ni wa 1993, umo kwenye albamu ya Undertow. Ni metali, yaani roki nzito, waya mnene wa gitaa umelegezwa hadi noti ya D, ndiyo maana unanguruma vile. Tuyaache ya gitaa. Kwenye video bendi yenyewe huioni ila kwa kufumba na kufumbua. Unaona kamtu kwenye nyumba chakavu, sanduku la mbao, na bomba linalopitisha nyama. Aliyeiongoza video ni Fred Stuhr, na mkono wa mpiga gitaa Adam Jones umo: kabla ya hapo alikuwa akitengeneza maumbo ya filamu Hollywood.

Ni stopu mosheni. Unapiga picha, unasogeza kiwiko cha mdoli kidogo, unapiga tena; kila picha ni fremu moja. Dakika 5 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 7,200. Hata kila mkao ukiupa fremu 2, ni mikao 3,600.

Sasa huko kutetemeka. Mtu akitembea mbele ya kamera, mguu unasogea shata (kifuniko cha kamera kinachopitisha mwanga) ikiwa wazi, kwa hiyo kila fremu inabaki na ukungu. Ukungu huo ndio unaounga hatua na hatua. Mdoli anapigwa picha ametulia tuli, kila fremu inatoka kali. Jicho linautafuta ukungu, haliupati, nywele zinakusimama. Huamini? Mrekodi katekista wenu akitembea, shata ifunguke 1/1000 ya sekunde tu. Naye atakatika-katika vilevile. Utasema kapandisha?

Ninachobishana nacho mimi ni kitu kingine. Mwaka jana nilifinyanga mvuvi wa udongo, waya ndani, avute wavu wa dagaa. Sekunde 9, siku 4. Umeme wetu ukipungua taa inafifia, basi picha ikawa inapepesa. Tulifundishwa kwamba hilo ni kosa, nikasawazisha mwanga wote. Mvuvi akapoa, akawa udongo tu. Nikaurudisha ule upepesaji, na mpaka leo nikiangalia kazi ya mtu sina hakika kosa linaishia wapi na uhai unaanzia wapi.

Mwimbaji akauliza ndani ya sanduku mna nini. Video haionyeshi, nikamjibu, na nikampa yule mvuvi amshike. Nikafunga pazia jua lisihamishe vivuli, nikakaa kwenye kamera. Akasogeza mkono, nikapiga, akasogeza, nikapiga. Kwaya ilikuwa inamsubiri mazoezini, simu inaita, hakuipokea. Tulifika fremu 40 umeme ukakatika.