Bustani juu ya zege si sawa na bustani juu ya udongo

Wengi huamini kwamba kiwanja cha mjini kikionekana kijani, basi ardhi yake inatumika kiikolojia. Jicho hudanganya. Mjini Berlin, tangu miaka ya 1990, kuna kipimo kiitwacho Biotopflächenfaktor, na chenyewe hakijali rangi. Kinachouliza ni hiki: chini kuna nini?

Katika mpango wa awali, lami na zege hupata 0. Pevingi zilizopangwa juu ya mchanga hupata 0.3, kwa kuwa maji hupenya lakini hakuna kinachoota. Bustani iliyo juu ya maegesho ya chini ya ardhi, yenye udongo usiofika sentimita 80, hupata 0.5. Ile ambayo mizizi yake inashuka hadi kwenye ardhi yenyewe ndiyo hupata 1. Zidisha kila eneo kwa alama yake, jumlisha, kisha gawanya kwa ukubwa wa kiwanja.

Chukua kiwanja cha mita za mraba 500: nyumba 200, ua wa zege 200, bustani 100. Jibu ni 0.2, na lengo la makazi mapya ni 0.6. Ng'oa zege uweke pevingi, utafika 0.32 tu (na sisi tulivyozipenda pevingi!). Ongeza na mimea juu ya paa lote, kwa alama 0.7, ndipo unapata 0.6 kamili.

Udhaifu upo: nyasi zinazofyekwa kila wiki hupata alama ileile ya kichaka kilichojaa ndege.