Sala Inapokauka Kwaresima: Dhana Potofu Kuhusu Nuru na Giza

Jumatano ya Majivu mtu hutoka kanisani akiwa amepania. Ataamka saa kumi na moja alfajiri, atasoma Injili ya siku, atakaa kimya nusu saa mbele za Mungu. Wiki ya kwanza inakwenda vizuri, hata machozi yanamtoka. Ikifika ya tatu anapiga magoti na hasikii kitu. Maneno yanatoka mdomoni na kuanguka palepale; akili imeshatangulia kazini. Akithubutu kusimulia hali hiyo hupewa majibu ya haraka, na mengi humwongezea maumivu.

"Ukiona giza katika sala, Mungu amekuacha, au kuna dhambi umeificha"

Dhambi inaweza kuwa sababu, na Kwaresima ni wakati wa kujichunguza na kwenda kuungama. Lakini kuifanya sababu pekee ni kuwaonea watu. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, wengi walishtuka kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 aliishi bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kusali kila siku na kuwahudumia maskini. Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa kijana wa Ufaransa, aliingia katika giza la imani siku za Pasaka ya 1896, akabaki nalo hadi alipofariki Septemba 1897. Zaburi ya 88 nayo inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado Kanisa limeiweka katika sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa.

Na yupo Bwana mwenyewe. Marko anasema giza lilifunika nchi yote tangu saa sita hata saa tisa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji kugeuza chochote: ni saa sita yetu ya mchana, jua likiwa utosini. Katika giza hilo Yesu alisali, kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kabla ya kumwambia mwenzako kwamba ukavu wake ni ushahidi wa dhambi, kaa kwanza chini ya msalaba usikilize sala hiyo.

"Giza lote ni la Shetani"

Kuna giza la mtu anayejificha asionekane matendo yake. Hilo Yohane analitaja wazi katika sura ya 3 ya Injili yake. Lakini Kutoka 20:21 inasema Musa alilikaribia giza kuu alipokuwapo Mungu. Na mlimani, katika Injili ya Jumapili ya pili ya Kwaresima, Yesu anang'aa, kisha wingu linawatia wanafunzi uvuli, na sauti ya Baba inatoka humo winguni.

Yohane wa Msalaba, padre Mkarmeli wa Hispania, aliyajua haya kwa mwili na kwa roho. Kuanzia Desemba 1577 hadi Agosti 1578 alifungwa Toledo na watawa wenzake, katika chumba kidogo kilichopata mwanga kwa upenyo wa juu ukutani. Ili asome sala zake ilimbidi asimame juu ya benchi. Alifundisha kwamba nuru ya Mungu huipofusha roho kwa sababu ni kali kupita nguvu ya jicho lake. Anayelikodolea jua huona weusi, na weusi huo hautokani na upungufu wa mwanga.

Giza hilo aliliita usiku, akaacha ishara tatu za kuutambua. Mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu, na hapati ladha mahali pengine pia. Moyo unamuuma akidhani hamtumikii Mungu inavyopasa. Na hawezi tena kutafakari kama zamani. Aliyepoa tu hana maumivu hayo: sala inamchosha, starehe nyingine zinamchangamsha. Yohane alionya pia kwamba kukosa ladha kunaweza kutokana na ugonjwa wa huzuni. Kwa hiyo asiyelala wiki nzima, asiyetamani chakula wala kuishi, apelekwe kwa daktari, tena mapema. Huko si kupungukiwa imani.

"Joto moyoni na maono ni uthibitisho kwamba ni Mungu"

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, akiwa Manresa huko Hispania kati ya 1522 na 1523, aliona mara nyingi umbo zuri hewani, kama nyoka lenye vitu vingi vinavyong'aa kama macho. Lilimfurahisha sana. Baadaye alitambua kwamba lilikuwa la yule mwovu. Paulo alishasema Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Kwa hiyo, badala ya kupima ulichohisi, mimi ningemuuliza anayeishi nawe nyumbani kama amekuona una upole zaidi mwezi huu.

"Sala ikikauka, ifupishe"

Ignasi huyohuyo anashauri kinyume: wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokosa faraja katika sala, usibadili ulichoazimia, bali ongeza kidogo.

"Kwaresima ni giza, nuru ni ya Pasaka"

Karne za kwanza, waliokuwa katika maandalizi ya mwisho ya ubatizo wakati wa Kwaresima waliitwa wanaotiwa nuru. Ijumaa na Jumamosi baada ya Majivu tunasoma Isaya 58, ambapo nuru inapambazuka kama asubuhi kwa anayemgawia mwenye njaa chakula chake. Hata katika Mkesha wa Pasaka hatungoji kuche. Kanisa liko gizani, moto unawashwa nje, mshumaa mmoja unaingia, shemasi anaimba "Mwanga wa Kristo", na waamini wanainamishiana mishumaa, mmoja akimwashia mwingine, usiku ungali usiku.