Kidonge cha mifupa hakitaki chai ya maziwa

Malalamiko ya wagonjwa wa ostioporosisi, maradhi ya mifupa kuwa miepesi kuvunjika, yamezidi: kidonge cha wiki, alendroneti, kinachoma koo, hakiondoi maumivu, na cha nini kama mtu tayari anameza kalisiamu? La maumivu tulimalize hapa. Hakikutengenezwa kuondoa maumivu. Anayeumwa na goti aseme goti.

Mfupa hubomolewa na kujengwa maisha yote. Seli ziitwazo osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, zikamwaga asidi na vimeng'enya, zikachimba kwa wiki 2 au 3. Osteoblasti hufuata nyuma kuziba shimo, kazi ya miezi. Hedhi ikikoma na estrojeni, homoni ya kike, kushuka, wabomoaji huwazidi wajenzi. Kalisiamu ni mawe na chokaa tu. Haimzuii mtu mwenye sururu.

Anayemzuia ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 mara 1 kwa wiki. Kina makundi mawili ya fosfoneti, chembe zenye fosforasi, ambayo, kama koleo, hung'ang'ania kalisiamu ya mfupa. Osteoklasti ikija kuchimba pale, huimeza dawa pamoja na mfupa. Ndani ya seli, dawa huziba kimeng'enya cha farnesili pairofosfeti sinthesi, kinachosaidia kutengeneza vimkia vya mafuta. Protini ndogo kama Rho na Rac hutumia vimkia hivyo kujishikiza kwenye utando wa seli. Zikivikosa, ukingo wenye mikunjo unaomwaga asidi hupotea, na mwishowe seli hujiua. Njia hiyohiyo hutengeneza kolesteroli, lakini msianze kusema kidonge hiki kinashusha kolesteroli. Kinakwenda mfupani.

Koleo lile halichagui kalisiamu ya nani. Likikuta ya maziwa tumboni, hung'ang'ania hapohapo na kutoka nayo chooni. Hata tumbo likiwa tupu, kinachoingia mwilini hakifiki asilimia 1 ya kidonge. Ukikishushia chai ya maziwa, umekitupa. Maji ya kisima ya hapa Mombasa, yale ya chumvi, nayo yana kalisiamu na magnesiamu. Kuyachemsha hakuyafanyi kuwa matamu. Tumia maji matamu ya kunywa, yasiwe ya chupa yenye madini mengi.

Kwa hiyo: amka, swali Alfajiri kwanza, ndipo umeze kidonge kizima kwa bilauri ya mililita 200. Tunasema swali kwanza kwa sababu kusujudu kidonge kikiwa bado juu huweza kukirudisha kooni, na kikikwama hapo huchoma hadi kidonda. Usikitafune, usikimung'unye. Kaa wima au tembea dakika 30, usijilaze, kisha ndiyo mahamri na chai. Kalisiamu ingoje mchana. Mwezi wa Ramadhani, amka nusu saa kabla ya kula daku. Ukisahau siku yako, meza asubuhi inayofuata kisha urudi kwenye siku yako ya kawaida; viwili siku moja, hapana. Mwenye shida ya kumeza, figo dhaifu au kalisiamu ya chini kwenye damu amwambie daktari kabla. Jino la kung'olewa ling'olewe mapema, kabla ya kuanza dawa, maana ukiwa unaitumia taya huweza kukataa kupona.

Sindano ya denosumabu, miligramu 60 kila miezi 6, hufanya kazi tofauti. Ni kingamwili inayoikamata RANKL, protini inayoziamuru osteoklasti zikomae. Haihifadhiwi mfupani kama alendroneti. Ukiikosa, amri hurudi kwa kishindo, wabomoaji huamka pamoja, na pingili za mgongo huweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Kuacha kuna dawa yake ya kufuatia, na daktari ndiye anayeipanga. Teriparatidi, sindano ya kila siku, yenyewe huwasukuma wajenzi.

Zote hizi huuzwa kwa cheti cha daktari chenye jina la mgonjwa, kipimo, tarehe na sahihi. Leseni ya duka hubandikwa ukutani na huisha Desemba 31 kila mwaka, isome. Anayeuza dawa bila kusajiliwa anavunja Sheria ya Dawa na Sumu ya Kenya, Sura ya 244: dawa huchukuliwa, duka hufungwa, na kuna faini au kifungo. Vidonge vya "miguu" visivyo na jina vinavyouzwa kwenye karatasi viepukeni. Vikiwa na predinisoloni, dawa ya steroidi, maumivu hutulia siku ile ile huku wajenzi wa mfupa wakiuawa kimyakimya.

Dawa ikikudhuru, mwambie mfamasia ajaze fomu ya njano ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ikiwa dawa yenyewe ina kasoro, imebadilika rangi au inamomonyoka, ni fomu ya waridi. Njoo na pakiti yake. Wengi hukata vidonge kwa mkasi na kutupa kipande chenye namba ya toleo, na bila namba hiyo hatuwezi kujua dawa ilitoka wapi.